Viza ya kazi kwa muuguzi: Uingereza, Ujerumani au Saudi Arabia?

BintiKisauni
Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Mimi ni muuguzi mwenye diploma, nimesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na ninahudumu katika kitengo cha figo cha hospitali moja mjini Mombasa. Nina mume na watoto wawili wadogo. Naomba mnilinganishie njia hizi tatu, si kwa mshahara pekee, bali kwa kutazama ni ipi ambayo mtu anaweza kuianza bila kukopa, na ni ipi itakayoniwezesha kuishi na familia yangu. Wakala mmoja ameniahidi kwamba viza ya ulezi wa wazee nchini Uingereza iko tayari, kinachosubiriwa ni malipo yangu ya kwanza tu.

MkongweWaWodi
Dada, huyo wakala mwache leo hii. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi, na hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, walezi hawakuruhusiwa kuja na wenzi wala watoto. Anayekuuzia viza hiyo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Wewe ni muuguzi aliyesajiliwa, na njia ya wauguzi bado iko wazi, tena inaruhusu familia.

Utaratibu wake unaanzia kwenye usajili wa taaluma, si ubalozini. Kwanza unafaulu Kiingereza: kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS ni alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kisha unafanya mtihani wa kompyuta wa baraza lao la wauguzi, NMC, ambao unaweza kuufanyia Nairobi. Baada ya hapo unatafuta mwajiri mwenye leseni ya udhamini, anakupa cheti cha udhamini, na hapo ndipo ombi la viza linapotumwa pamoja na cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Viza ya wahudumu wa afya imesamehewa tozo ya afya inayotozwa wahamiaji, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, jambo ambalo kwa familia ya watu wanne ni nafuu kubwa mno.

Mtihani wa vitendo, OSCE, unafanywa baada ya kufika. Una vituo 10 na ada yake ni pauni 794, ingawa hospitali nyingi za umma humlipia muuguzi wao. Wanaoanguka mara nyingi si wasiojua kazi, bali waliozoea kuifanya kimya. Katika kituo cha dawa, kwa mfano, mtahini anataka kukuona ukisoma jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye bangili ya mgonjwa, na kukusikia ukiuliza kuhusu mzio kabla hujagusa kidonge.

MkaziWaLeipzig
Naomba niseme kwa kirefu kuhusu Ujerumani, kwa sababu watu huisifu kwa kuwa viza yake ni euro 75, halafu hawasemi gharama halisi iko wapi. Gharama iko kwenye lugha. Muuguzi hapati leseni kamili bila Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita kuanzia A1, na kukifikia huku ukifanya zamu za usiku ni kazi ya muda mrefu. Faida ni kwamba gharama hiyo unailipa kidogo kidogo, na unailipa ukiwa nyumbani. Mitihani ya B1 na B2 ya Goethe-Institut, taasisi ya lugha ya Kijerumani, imegawanyika katika sehemu nne, na ukiangukia kuandika unarudia kuandika peke yake.

Sambamba na lugha, unatuma vyeti vyako, vikiwa vimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, kwa mamlaka ya jimbo utakalofanyia kazi. Majimbo ni 16, kila moja na ofisi yake na kasi yake. Mamlaka italinganisha saa zako za masomo na mafunzo ya Kijerumani na kukuandikia mapungufu yako. Kwa diploma kutoka nje ya Ulaya usitarajie barua safi. Utapewa uchaguzi: kozi ya kujazia hospitalini au mtihani wa maarifa. Mimi ningechagua kozi, kwa kuwa ndani yake unajifunza pia namna wanavyokabidhiana zamu, ambayo hakuna kitabu cha B2 kinachoifundisha.

Kuna viza maalumu ya kuja kukamilisha utambuzi huo wa vyeti huku ukifanya kazi kama msaidizi wa muuguzi kwa mshahara mdogo zaidi. Mwajiri aliye makini anaweza kuomba utaratibu wa haraka kwa ada ya euro 411. Muulize kama atafanya hivyo, na jibu lake litakuonyesha uzito wake. Kwa familia, mumeo kwa kawaida atahitaji Kijerumani cha A1. Ukishapata kibali cha mtaalamu kamili, baada ya miaka 3 unaweza kuomba ukazi wa kudumu.

Makubaliano ya uhamiaji ambayo Kenya na Ujerumani zilitia sahihi Septemba 2024 hayakufuta hatua yoyote kati ya hizi, hata kama matangazo ya redioni yalisikika hivyo.

MwanaJeddah
Saudi Arabia ni ya haraka kuliko zote: vyeti huhakikiwa na kampuni ya DataFlow, unafanya mtihani wa leseni kwa kompyuta katika kituo cha Prometric, na lugha ni Kiingereza. Hakuna kodi ya mapato, na mikataba mingi ya hospitali ina nyumba na tiketi ya likizo. Lakini kila mtegemezi unayemleta hutozwa riyali 400 kwa mwezi, na hakuna miaka ya kazi inayokugeuza kuwa mkazi wa kudumu. Kwa aliye peke yake na mwenye lengo la kujenga, inafaa.

MtuWaTanga
Sisi wa Tanzania tuko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza ya kuajiri wahudumu wa afya. Je, hiyo ina maana tumefungiwa?

MkongweWaWodi
Hapana, ndugu. Waajiri na mawakala ndio waliokatazwa kuja kuwatafuta. Muuguzi anayejibu tangazo mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, hazuiwi. Kenya iko kundi la kati, na kuajiri kwa kampeni kunaruhusiwa tu chini ya makubaliano ya serikali mbili ya Julai 2021.

BintiKisauni
Nawashukuru sana. Nimeegemea Uingereza, kwa kuwa Kiingereza ninacho na watoto hawatangoja. Swali moja: rasimu ya mkataba niliyoonyeshwa na mwenzangu inasema ukiondoka kabla ya miaka 3 unarudisha gharama zote.

MkongweWaWodi
"Zote" ndilo neno la kukataa. Mwajiri anaweza kudai tiketi au ada ya OSCE aliyokulipia, mradi kila kiasi kimeandikwa na kinapungua kadiri unavyotumikia. Ada ya cheti cha udhamini na tozo ya ujuzi ya uhamiaji, anayotozwa mwajiri kwa kuajiri mgeni, ni mzigo wake kisheria, na ada ya wakala haruhusiwi kumtwisha muuguzi. Omba jedwali la kiasi kwa barua pepe kabla ya kutia sahihi. Tena uliza kama ukianguka OSCE mara ya kwanza, marudio analipa nani.