Mtoto ana selimundu na korona: nimsimamishie dawa?

Mama wa Shela, Malindi
Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka 7, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Juzi karudi madrasa na mafua, jana kipimo kikaonyesha korona. Usiku homa 38.6, nikampa panado ikashuka, na sasa anadai mabuyu. Wifi yangu asema nisimamishe haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, eti inaua kinga. Nimekaa na kichupa mkononi tangu alfajiri.

Muuguzi mstaafu
Mwanangu, weka kichupa chini, tushike homa kwanza. 38.6 kwa mtoto wa selimundu ni ya hospitali usiku uleule, hata ikishuka. Wengu wake, unaopigana na bakteria, huwa haufanyi kazi vizuri, na korona haizuii bakteria kuwemo pia. Mtazame mbavu: zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akisema kifua chamuuma, hiyo ni hatari kubwa. Dawa haiachwi kwa neno la wifi. Daktari atapima damu, yeye ndiye ataamua.

Baba wa Lamu
Wangu alikuwa na saratani ya damu, 2021. Kemo, dawa ya saratani, iliahirishwa kwa korona, na kipimo kiliendelea kuonyesha virusi wiki tano naye acheza mpira uani! Kutoka Mokowe hadi Mombasa na mtoto wa barakoa, wacha tu. Nenda, dada, na kadi yake ya kliniki usiisahau.

Mama wa Shela, Malindi
Tuko wadini. Damu imetolewa, kifua kimepigwa picha, antibayotiki yaingia kwa dripu. Haidroksiyurea wamesema aendelee. Mabuyu kayamaliza kwenye tuktuk.