Tupeane uzoefu: Dawa gani umewahi kumeza kwa ushauri wa simu, jirani au kopo la nyumbani?

Wakuu, habari za jioni.

Nyumbani kwangu Mbagala kuna kopo la Blue Band la kilo moja ambalo halijaona siagi tangu mwanangu wa kwanza azaliwe. Ndiyo famasi yetu. Jana nililimwaga mezani nikitafuta Panadol, nikakuta mseto wa malaria vidonge vinane, amoksilini saba, nusu karatasi ya Flagyl, dawa ya macho ambayo hakuna anayekumbuka nani aliumwa macho, na kimfuko cha vidonge vidogo vya njano kilichoandikwa "1×1" kwa kalamu ya bluu, jina hakuna.

Mseto ni wangu. Mwezi wa tatu nilishikwa na homa usiku, nikaandika dalili zangu kwenye simu. Simu ikaniletea malaria, UTI, mafua, na ugonjwa mmoja wa damu ambao hata kuutamka sikuweza. Nikachagua malaria kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Asubuhi nikanunua dozi ya vidonge 24, siku mbili nikajisikia mwepesi, nikaona vinane vya siku ya tatu niviweke akiba. Baada ya siku nne homa ikarudi na baridi yake. Zahanati wakanichoma kidole, malaria hakuna. Muuguzi akaniambia huenda haikuwepo hata ile mara ya kwanza, maana malaria ingekuwa imetoka muda mfupi tu, kipimo hicho cha kidole bado kingeinasa. Walipopima mkojo ikawa UTI.

Mke wangu anataka kopo litupwe. Mimi nasita, vitu vimenunuliwa kwa hela. Hebu tupeane uzoefu, hasa yaliyokukuta wewe au mtu wa ndani kwako. Wauza dawa za nguvu za kiume tafadhali huu uzi si wenu.

Babu Kitambi

Umenikumbusha mbali. Nyie mseto mnaulalamikia, sisi tumekula klorokwini. Unameza, dakika arobaini baadaye mwili mzima unawasha kama umelala kwenye upupu, na ukijikuna hupaoni panapowasha maana ni ndani kwa ndani. Mama alikuwa anatufunga mikono kwa khanga tusijichubue. Ilipoondolewa 2001 wakaleta SP, vidonge vitatu kwa mpigo umemaliza, tukaona tumefika peponi. Nayo ikachoka, vimelea vya malaria vikaizoea, mseto ukaingia mwishoni mwa 2006. Sasa mkuu, dawa mbili zimeshachoka mbele ya macho yangu, wewe unaweka akiba ya vidonge vinane?

Mjukuu wa Bi Mkubwa

Kuhusu hizo "1×1". Bibi yangu Korogwe alipewa Piriton kwa mafua, kimfuko kimeandikwa 1×3. Bibi hasomi, akamwita mjukuu wa darasa la tatu. Mtoto akasoma kwa sauti ya darasani: "Moja mara tatu, tatu!" Bibi akameza vitatu kwa mpigo. Akalala saa tatu asubuhi, akaamka alasiri anauliza kwa nini kuku hawajafunguliwa. Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika.

Tangu siku hiyo mjomba alimchorea jua, jua la katikati na mwezi kwenye kila kimfuko.

Mama Wawili

@Mjukuu wa Bi Mkubwa nimecheka hadi mtoto kaamka 😂😂 mwalimu ampe vema huyo.

Binti Malindi

Yangu ni ya bimkubwa, Unguja. Ana presha tangu 2016. Kituo cha afya walimpa amlodipini ya miligramu 10, kimoja kila asubuhi. Kaka yetu yuko Muscat, mwaka juzi alikuja na maboksi ya Norvasc, "hizi ndizo zenyewe mama". Mama hakutaka kuivunja moyo zawadi ya mwanawe, wala hakuthubutu kuacha dawa ya daktari. Akawa anameza zote: ya kituo baada ya uji, ya Muscat baada ya Isha.

Wiki ya pili miguu imevimba, makubadhi hayaingii. Tukasema chumvi hiyo. Tukamkataza urojo, tukamkataza papa, masikini akawa anakula ndizi za kuchemsha tu. Hata. Siku moja kanyanyuka kwenye mswala, kizunguzungu, kaanguka ubavu wa kabati.

Mdogo wetu yuko chuo Dar. Akatwambia tumpigie picha kila anachokimeza mama, tumrushie. Akaikuza ile picha hadi yale maandishi madogo yaliyojificha chini ya jina kubwa. Amlodipine. Boksi la pili, amlodipine. Kumbe Norvasc ni jina la biashara tu, ndani ni kitu kilekile, bimkubwa alikuwa anakunywa miligramu 20 kwa siku. Daktari akamwachia moja, miguu ikarudi.

Boksi la Muscat bado lipo kabatini. Ukiligusa anakwambia liache, lina harufu ya mwanangu.

mtoa_dawa

Mimi nauza duka la dawa muhimu, mkoa sitautaja. @Binti Malindi hilo lako ndilo ninalolia nalo kila siku. Watu wanashika jina kubwa na rangi ya boksi. Jina la dawa yenyewe ni lile dogo la chini, na hapo ndipo simu ina faida. Mteja akiniletea picha ya boksi analotumia mama yake, namsaidia kwa dakika mbili. Akiniletea picha ya kidonge kimoja kiko kiganjani, cheupe, cha duara, ananiambia "nipe kama hiki", hapo mimi ni mganga wa ramli?

Lingine ni nusu dozi. Anakuja mtu: "Nikatie amoksilini za elfu moja." Dozi aliyoandikiwa ni kapsuli 15, siku tano kutwa mara tatu. Ananunua sita. Mbili atameza, moja ataifungua amwage unga kwenye kidonda cha mguu, tatu ataweka kwenye kopo kama la mleta mada, jirani akiumwa jino anapewa. Nimeshaona kidonda kimefunikwa unga umeganda juu kama chokaa, chini yake usaha. Ule unga umetengenezwa upite tumboni uende kwenye damu, juu ya kidonda unakaa tu na kuziba.

Nikikataa kuuza sita, anavuka barabara. Hilo nalo niseme ukweli, kuna siku nauza.

Dereva wa Likoni

Heshima zenu. Mimi ni bodaboda, mgongo ndio adui yangu. Rafiki kijiweni alinionyesha diklofenaki, nikawa nazinunua kemisti, nameza mbili asubuhi kabla ya kupanda feri, tumbo tupu, chai naikuta ng'ambo. Nimeenda hivyo karibu miezi minne. Mgongo ulikuwa shwari kabisa, nisiseme uongo.

Kisha nikaanza kuona choo cheusi, cheusi kama lami, kinanata na harufu yake si ya kawaida. Nikadhani ni mchicha. Siku ya tatu nimesimama kwenye feri naona watu wanakwenda mbali, masikio yanavuma. Nilipata fahamu nimezungukwa. Hospitali wakaniuliza swali moja tu, "Unameza dawa gani ya maumivu?" Kidonda tumboni kilikuwa kinavuja damu kimyakimya. Niliongezwa damu chupa mbili.

Sasa mgongo nimefunga mkanda na nimepandisha kiti. Ndugu zangu wa pikipiki, mkiona lami chooni msiseme mchicha.

Kidume Asiyelala

Mimi ni kinyume chenu, simu ilinifanya NISIMEZE.

Niliugua mkanda wa jeshi, upele ukapona, maumivu yakabaki. Nguo ikigusa ubavu ni kama umepitishiwa pasi. Daktari akaniandikia amitriptilini miligramu 25, kimoja usiku. Nikiwa kwenye daladala nikaitafuta mtandaoni, mstari wa kwanza: dawa ya sonona. Nikakaa na lile neno kuanzia Mwenge mpaka Posta. Nikasema huyu daktari kaniona chizi, kaogopa kuniambia usoni. Dawa nikaitupia droo.

Wiki tatu nimelala nimekaa kwenye kochi. Binamu yangu muuguzi alipokuja ndipo akanicheka. Kumbe dozi hiyo ndogo inatuliza mishipa ya fahamu, ni kazi yake nyingine kabisa. Nikaanza. Mdomo ulikauka, asubuhi nilikuwa mzito kama gunia, ila siku ya kumi hivi nikavaa shati bila kuumia. Nilijikuta namwonyesha mke wangu, "Ona, nimevaa shati." Hakuelewa furaha ya nini.

Mama Wawili

@Kidume Asiyelala kwani hata ingekuwa ya sonona ungepungukiwa nini? Mimi natumia ya sonona, ni mwaka wa pili, naenda kazini, napika, nagombana na nyie humu. Tuache kuona aibu.

Kidume Asiyelala

Dada umenikamata. Samahani.

Mapenzi ya Zilipendwa

Niwachekeshe. 2009 Michael Jackson anafariki tulikuwa na vibanda vya video mtaani, mwezi mzima ni yeye tu. Jina la ile dawa iliyomuua, propofol, likanikaa kichwani. Miaka imepita, napelekwa chumba cha upasuaji kwa henia. Mtu wa usingizi anavuta dawa nyeupe kama maziwa. Nikauliza inaitwaje. Kanitajia. Nikakaa kitako na lile gauni la mgongo wazi, nikasema mimi natoka.

Yule kijana akacheka, akanigeuzia kioo cha mashine, akanionyesha: hii pumzi yako, hii mapigo, hii oksijeni, na mimi sitoki hapa mpaka uamke. Akasema Michael alikuwa anapewa na daktari wake chumbani kwake ili apate usingizi, dawa ya chumba cha upasuaji haiendi chumbani. Yule daktari alikuja kukutwa na hatia 2011. Nikalala. Nilihesabu mpaka nne.

Shangazi wa Temeke

Haya, na mimi niseme la kwangu japo mtanicheka. Nilikuwa mwembamba, harusi imebaki miezi miwili, gauni la kukodi linanikaa kama limetundikwa kwenye msumari. Nikaona mdada mtandaoni anajirekodi, "kabla" na "baada", anauza vidonge vya kunenepa. Nikatuma hela, vikaja kwa bodaboda kwenye mfuko wa nailoni, havina boksi wala jina. Nilimeza. Hamu ya kula ilikuja, naamka usiku wa manane nakula ugali wa jana na maharage ya baridi nimesimama jikoni.

Nikanenepa kweli! Ila kunenepa kulipanda juu. Mashavu yakajaa, uso wa duara, nyuma ya shingo nundu, mikono na miguu ileile mikavu. Kwenye picha za harusi mume wangu anaonekana kasimama na mtu mwingine.

Baada ya harusi nikaacha ghafla. Hapo ndipo palipokuwa na kifo. Nguvu zikakata, natapika, nikisimama dunia inazunguka. Hospitali walipotazama vidonge wakasema vinafanana na deksa, dawa ya jamii ya steroidi. Wakanieleza kwamba mwili ukiletewa steroidi kutoka nje kwa muda mrefu unasahau kujitengenezea yake, kwa hiyo hukatishi ghafla. Wakanirudishia dozi ndogo na kuipunguza wiki hadi wiki. Zaidi ya miezi mitatu.

Yule mdada nilimwandikia. Alinifungia. Juzi nimemwona kwa ukurasa mwingine, jina jipya, "kabla" na "baada" ni zilezile.

Baba Chanja

@Mapenzi ya Zilipendwa wa kwako angalau ni wa zamani. Mwanangu wa kidato cha tatu anampenda Juice WRLD, mwanamuziki kijana wa Marekani aliyefariki Desemba 2019 siku chache tu baada ya kutimiza miaka 21. Uchunguzi ulikuta kodeini na oksikodoni, dawa kali za maumivu, na hiyo kodeini huwemo pia kwenye baadhi ya dawa za kikohozi. Mwanangu anajua mashairi yote, hilo hakulijua. Nililijua mimi baada ya kukuta chupa ya dawa ya kikohozi chini ya godoro imechanganywa na soda, na nyumba nzima hakuna anayekohoa. Sikumpiga. Nilimpa simu nikamwambia asome mwenyewe alivyokufa, kisha anisomee kwa sauti. Alifika katikati akanyamaza.

fundi_redio

Mie dawa nameza kwa wakati, tatizo ni kengele. Nilitega wimbo uliokuwa unatamba niutumie kama alamu ya dawa za TB, miezi sita kila alfajiri. Sasa ukipigwa kwenye daladala mdomo unajaa uchungu, natazama dirishani mpaka uishe. Na ile siku ya kwanza mkojo ulipotoka rangi ya Mirinda, hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ni dawa ndiyo inaupaka rangi, nilimpigia simu mama kumuaga.

Mama Wawili

Kumuaga 😂😂😂 jamani huu uzi.

mleta mada

Wakuu nimesoma yote, na kosa langu nilimpa mke wangu simu naye asome. Leo nimerudi kazini, kopo limeoshwa limeanikwa juu ya karo. Dawa zote kapeleka kwa dada wa duka la dawa hapo stendi, wakazipitia pamoja. Vile vya njano vya "1×1" ni foliki asidi, ni vyake, mimba ya huyu wa mwisho ambaye sasa yuko chekechea. Dawa ya macho ni ya jirani, alihama 2021.

Kopo sasa lina sukari. Kichwa bado kinaniuma na Panadol sijaipata.