Chaneli ya filamu za zamani wametukatia hadithi ya Gladys Glover katikati, na kifurushi tumelipia!

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Nalipia kifurushi cha juu kila mwezi kwa ajili ya chaneli moja tu, ile ya filamu za zamani. Wiki nzima wametangaza It Should Happen to You, ya 1954, iliyoongozwa na George Cukor. Nikawakalisha wadogo zangu sebuleni waone kazi ya maana. Tulichorushiwa ni aibu.

Kwa wasioijua: Gladys Glover, anayechezwa na Judy Holliday, ni binti aliyetoka mji mdogo wa Binghamton kwenda New York kutafuta jina. Kazi imeota nyasi, amebaki na akiba yake. Anaona bango tupu pale Columbus Circle. Badala ya kutunza hela ya kula, analikodi na kuandikisha jina lake, GLADYS GLOVER, basi. Hauzi kitu. Kumbe kampuni moja ya sabuni imezoea kulichukua bango hilohilo, wanamtaka awaachie, anagoma, mpaka wanampa mabango sita sehemu nyingine za jiji.

Sasa matunda ya hayo mabango yanaonekana dukani Macy's. Gladys yuko kaunta ya mataulo, anataja jina lake ili aandikiwe, na watu wanaanza kumzonga wakitaka saini. Saini ya nini? Hajafanya lolote! Pale ndipo filamu inapouma, na Holliday anacheza kwa uso tu: anashtuka, halafu anafurahi, halafu anaanza kuamini kwamba kweli yeye ni mtu mkubwa. Hawa jamaa wakaingiza tangazo la kubeti katikati ya tukio. Filamu iliporudi, Gladys tayari yuko kwenye televisheni. Mdogo wangu akaniuliza amekuwaje staa, ningemjibu nini?

Kibaya zaidi ni Pete. Huyu ni Jack Lemmon, na hii ndiyo filamu kubwa yake ya kwanza. Pete anapiga filamu za maisha ya watu wa kawaida, anampenda Gladys na hataki kumgawana na mabango. Anapochoka anahama, na kumwachia filamu fupi aliyoipiga mwenyewe ya kumuaga. Gladys anaitazama peke yake. WAMEIKATA YOTE. Kwa hiyo kwa mtazamaji mgeni, Pete katoweka tu, na Gladys anajuta bila sababu.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada akaniambia, "Kaka, ni filamu ya zamani, ilibidi ipunguzwe iendane na muda." Muda upi? Matangazo ya kubeti yalikuwa na muda wa kutosha! Kama hamuwezi kuirusha nzima, msiitangaze wiki nzima.

Na msituambie eti ni picha ya mapenzi tu ya nyeusi na nyeupe. Garson Kanin, mwandishi wa filamu hii, aliandika habari ya watu wanaojulikana kwa kujulikana tu miaka mingi kabla ya hizi simu zetu.

Ninachodai: wairudie nzima, usiku, bila tangazo ndani ya matukio, na saa yake itangazwe mapema. Wakikataa nashusha kifurushi mwezi ujao. Nani mwingine aliiona? Na kwenu walikata palepale?