MJADALA: Bosi kuwapa walio chini yake kadi za mchango wa harusi, tuendelee nako au kupigwe marufuku?

Mleta mada

Mbukwenyi ndugu zangu. Naomba tujadili jambo ambalo maofisini linasemwa kwa kunong'ona tu, kwenye korido au kwenye daladala ya kurudi mjini kutoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma. Mkuu wa kazi anawagawia watumishi wake kadi za mchango: harusi ya kijana wake, sendofu ya binti, kipaimara, ubarikio. Msimamo wangu nautaja mapema. Michango inayopanda ngazi, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa wake wa kazi, ipigwe marufuku kwa maandishi.

Sipingi kuchangiana. Mimi ni mtu wa Bahi na najua kulikotufikisha. Nchi hii ya kati mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na hata ikinyesha hainyeshi sawa. Kijiji hiki kinavuna uwele, cha jirani kinaambulia mabua. Ndiyo maana wazee wa Kigogo hawakuweka ng'ombe wao wote kwenye zizi moja. Wengine waliwakabidhi marafiki na wakwe vijiji vya mbali. Anayetunza anakunywa maziwa na samadi ni yake. Mwenye mali, ukame au ugonjwa ukipita kwake, bado ana kitu mahali. Na mwaka wa njaa unajua mlango gani utabisha. Deni lilikuwemo ndani ya ule wema, na hakuna aliyeona aibu kulitaja, kwa sababu lilikuwa linazunguka: mwaka huu kwangu, mwaka mwingine kwako.

Kamati za harusi za mjini zimerithi utaratibu huohuo. Mhazini anaandika jina, ahadi, na kilichotolewa. Daftari lile familia haitupi. Miaka ikipita ukaleta kadi yako, mama analifungua: huyu alitupa 50,000 kwenye sendofu ya dada yako, sisi tusishuke hapo. Kwa watu wanaolingana, naukubali utaratibu huu kwa moyo wangu wote. Vijana wengi wasio na baba mwenye uwezo wameoa kwa heshima kwa sababu yake.

Sasa uweke kwa bosi. Ndiye anayepima utendaji wako, anayeidhinisha likizo, anayependekeza nani aende safari ya kikazi yenye posho. Kadi anakuletea mezani, au anamtuma katibu muhtasi ambaye naye hana ubavu wa kukataa. Baada ya wiki mbili orodha inawekwa kwenye kundi la WhatsApp: majina, ahadi, waliokamilisha. Jina lako halina tiki. Nani hapo atasema ametoa kwa hiari?

Na deni hili halizunguki. Kijana aliyeajiriwa mwaka jana, mtoto wake ana miaka mitatu. Zamu yake ya kupokea ikifika, bosi ameshahamishwa mara kadhaa au amestaafu, na namba ya simu imebadilika. Hesabu nayo ni nzito. Mei Mosi ya 2025, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai. Kadi ya mtu mmoja ikiwa 50,000, hiyo ni sehemu ya kumi ya mshahara huo kabla ya makato. Zikija kadi mbili mwezi mmoja, kodi ya chumba Nkuhungu inaingia mashakani.

Atakayesema ni mila zetu, nitamkumbusha kwamba njia hii tulishaipita. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili takrima ya mgombea kwa wapiga kura, ikitolewa kwa nia njema kama ukarimu wa asili, isihesabiwe kuwa rushwa. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kukiuka Katiba. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba vinambagua mgombea asiye na fedha za kukirimu. Ukarimu ni wa kweli, mila ni ya kweli. Ila ukishawekwa mahali penye madaraka unabadilika kazi yake. Naomba maoni.

Mhamiaji wa Ilazo

Mkuu, nakuheshimu ila nakupinga. Wewe una Bahi. Sisi tulioletwa na uhamisho wa Serikali baada ya 2016 tulifika hapa hatuna shangazi wala mjomba. Mke na watoto wamebaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule. Nilipofiwa na baba, aliyekuja usiku kunigongea alikuwa mkurugenzi wangu. Alitoa rambirambi yake mwenyewe, akapanga gari, watu wa idara wakanisindikiza hadi Tanga. Leo binti yake anaolewa, niseme sheria hairuhusu? Nitamtazamaje usoni? Ofisi ndiyo ukoo wangu hapa, na ukoo hauna cheo.

Mama Majengo

Baba wa Ilazo, pole kwa msiba. Lakini ukoo una cheo, tena kikubwa. Kwetu mkubwa ndiye anayechinja. Mdogo analeta kuni.

Mzabuni mdogo

Mmesahau tulio nje ya ofisi. Mimi nauza vifaa vya ofisi. Kadi zinanifikia kutoka kwa watu ambao hati zangu za malipo ziko mezani kwao. Hakuna anayeniambia "toa nikulipe". Ananiambia tu, "Kaka, tusaidiane, kikao cha mwisho ni Jumapili." Nikitoa kidogo, najiuliza kama faili litachelewa. Nikitoa kikubwa, najiuliza kama nimehonga. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imekataza mtu kuomba au kupokea manufaa kwa ajili ya kazi yake, ila kwa kadi yenye maua na picha ya maharusi utaanzia wapi kwenda kulalamika TAKUKURU? Nitathibitisha nini? Mleta mada, marufuku yako iguse na hawa.

Mkuu wa kitengo

Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Nina watumishi tisa na kijana wangu anaoa mwaka huu. Nilipokaa kimya bila kugawa kadi, wawili walinifuata: "Mzee, mbona umetutenga?" Hapa kwetu kutompa mtu kadi ni kumwambia hahesabiki. Nikiwapa, ninyi mnasema nawakamua. Nisipowapa, nimewadharau. Na nisisahauliwe upande wa pili: mimi nachangia kila harusi na kila msiba wa watu wangu, na kwa cheo changu siwezi kutoa 20,000. Kwa mwaka natoa kuliko nitakachopokea. Mngeanza kwa kuuliza nani hasa anamlemea nani.

Mleta mada

Nimesoma yote kwa makini. Nianze na mzee wetu mkuu wa kitengo, maana hoja yake ndiyo ngumu kuliko zote.

Mzee, shikamoo. Hao wawili waliokufuata walilalamikia kutengwa, na nawaamini. Wanataka kuiona harusi, wakae na wenzao, wacheze, wamtunze kijana siku hiyo kama mkono wao unafika. Tatizo ni kwamba tumeshikamanisha vitu viwili: kadi ya mchango na kadi ya mwaliko. Bila ya kwanza huipati ya pili. Kwa ndugu na marafiki wanaolingana nawe, sawa, ukumbi na chakula vina gharama. Kwa watu tisa walio chini yako, wape mwaliko bila mchango. Watu tisa kwenye sherehe ya watu mia tatu hawatavunja bajeti ya kamati, na kama watavunja, basi sherehe imepangwa kubwa kuliko mfuko wa mwenyewe.

Kuhusu unachotoa wewe, nakubali kinakulemea, na sijasema kikatazwe. Kinachoshuka kutoka kwa mkubwa hakimtishi mtu. Ila naona ungepumzika pia kama wao wasingekuwa wanakuletea kadi wakitarajia kiwango cha cheo chako.

Ndugu yangu wa Ilazo, msiba nauweka kando kabisa. Kifo hakipangiwi kamati miezi sita kabla, na ofisi nyingi zina mfuko wa kufa na kuzikana wenye kiwango kimoja kwa wote, mkurugenzi na dereva. Hapo hakuna anayepanda wala anayeshuka. Aliyekuzikia baba anastahili shukrani yako, tena kubwa. Mpelekee mwenyewe, nyumbani kwake, kwa kiasi unachokijua wewe na Mungu wako. Ninachopinga ni wenzako wa idara ambao hawakufiwa, na majina yao yako kwenye orodha ileile na yako.

Mzabuni, uko sahihi na naongeza ulichosema: yeyote mwenye faili lako mezani asikupe kadi, hata kama cheo chake ni cha chini. Zawadi kwa viongozi zina masharti tangu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Huku chini kwa maofisa wa kawaida ndiko macho ya watu hayafiki, na ndiko wewe unakolipwa.

Mhamiaji wa Ilazo

Mfuko wa msiba nimeuelewa. Swali moja: kamati itasema bosi hakugawa kadi, aligawa mkewe au shemeji yake. Mtazuiaje?

Mleta mada

Kwa kuangalia nani anayetoa, tuache kuangalia nani aliyegawa. Mhazini wa kamati akiona jina la mtumishi wa chini wa mwenye sherehe, au la mzabuni wake, anarudisha fedha kwa simu ileile zilikotokea. Ni kazi ya dakika moja na kumbukumbu inabaki.

Mkuu wa kitengo

Baada ya lawama zile niliwapa kadi, na wanne wa kitengo changu wameshatoa. Nikiwarudishia sasa, wataona nimewakataa.

Mleta mada

Waite wote wanne pamoja, mzee, uwaambie sababu kabla fedha hazijarudi. Na kadi zao za mwaliko uwe nazo mkononi siku hiyohiyo.