Tupeane uzoefu: siku hekima ilipotangulia pesa

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mithali 16:16 inauliza kama si afadhali kupata hekima kuliko dhahabu. Huku kwetu Ikolomani, Kakamega, swali hilo si la mfano. Dhahabu ilianza kuchimbwa sehemu hizi miaka ya 1930, na hadi leo watu wanaitafuta kwa sururu na karai. Naanza na habari ya nyanya yangu, kisha kila mmoja alete yake.

Vijana walimjia na bunda la noti, wakitaka kuchimba shimo nyuma ya migomba. Wajomba walishakubali moyoni. Nyanya akawapikia chai, akawauliza: maji ya kuoshea mawe mtayamwaga wapi? Dhahabu ikiisha, shimo nani atalifukia? Wakatazamana.

Kesho yake tukaenda naye kwa jirani anayechimbisha. Mama mmoja alikuwa akikanda tope na zebaki, ile metali ya majimaji inayonasa dhahabu, kwenye karai, mikono mitupu. Akaikamua kwa kitambaa, kikabaki kidonge cheupe, akakiweka juu ya jiko la makaa. Moshi ukapanda, na mtoto yuko mgongoni. Mwishowe ikabaki punje ya njano ndogo kuliko mtama. Mvuke wa zebaki huharibu mishipa ya fahamu, na watoto huumia zaidi. Nyanya hakuwa na habari hiyo, lakini aliona wote wanageuza uso wakivuta pumzi. Akasema, "Kitu cha namna hii hakitakaribia kisima changu."

Wajomba walinuna muda mrefu. Kisima majirani wanakichota hadi leo.

Nikisoma 1 Wafalme 3 namkumbuka. Wengi hulitumia ombi la Sulemani kama njia ya mkato ya utajiri, kwa kuwa mali aliongezewa. Mimi naona aliomba moyo wa kufahamu kwa sababu ya watu aliokabidhiwa. Leteni zenu.

Fundi wa Njoro: Amina, ndugu. Kanisa letu hapa Nakuru lilitaka kununua ploti. Siku ya harambee waliotoa pesa nyingi walikalishwa mbele, kama anavyokemea Yakobo sura ya pili. Mzee mmoja wa sadaka ya shilingi 20 akasimama nyuma kabisa akaomba hati ikaguliwe kwanza kwenye ofisi ya ardhi. Watu waliguna, mwenyekiti akataka kumkalisha. Mchungaji alimsikiliza, Mungu ambariki. Kumbe ploti ilikuwa rehani ya mkopo wa benki! Mhubiri 9 ina habari ya maskini aliyeuokoa mji kwa hekima yake, na hakuna aliyemkumbuka. Sisi wetu tumemweka kwenye kamati ya ujenzi.

Mama wa Kibuye: Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Ni mjane, nauza omena hapa Kisumu. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, halafu nikaambiwa hekima yapita fedha, naumia. Mara nyingi anayesema hivyo ana fedha.

Mwanzilishi: Mama, umesema kweli, na Biblia iko upande wako. Mhubiri 7:12 inakiri kwamba fedha nayo ni ulinzi, kama hekima. Nyanya mwenyewe alikuwa na shamba, alikula bila zile noti. Asiye na kitu akikubali bei ya wachimbaji, mimi siwezi kumhukumu.

Mwalimu wa Webuye: Naongeza moja kwa mama. Yakobo huyo huyo anasema kumwambia mwenye njaa "enenda kwa amani" bila kumpa kitu hakufai. Kwa hiyo, mama, usingoje mtoto arudishwe. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla shule hazijafunguliwa, umwombe ulipe kidogo kidogo kila siku ya soko, na mpatano huo uandikwe. Uliza ofisi ya eneo bunge lini fomu za basari zinatolewa. Wengi hukosa kwa kuchelewa tu. Beba barua ya shule, nakala ya kitambulisho na cheti cha kifo cha baba. Waambie pia wazee wa kanisa lako waziwazi, usione haya. Na kama kuna mtu wa Kisumu hapa anayeweza kumsindikiza mama na hizo fomu, ajitokeze.