The Great Escape (1963): dakika 172, na bado haichoshi. Siri ni nini?

Mpenda Sinema:
Wakuu, filamu hii ya wafungwa wa kivita wanaochimba mahandaki ili watoroke kambi ya Wajerumani, Vita Kuu ya Pili, ni karibu saa tatu, haina mapenzi, na watoro wengi wanaishia kuuawa. Bado ukiikuta katikati huizimi. Inatushika kwa nini? Na yale ya mahandaki ni kweli, au Hollywood wametia chumvi?

Fundi Mchundo:
Mkuu, ni ufundi. Humo swali kubwa si kama watatoka, ni mchanga utamwagwa wapi. Kambi yenyewe halisi, Stalag Luft III kule Sagan (leo iko Poland), ardhi yake juu ilikuwa ya kijivu, chini mchanga wa njano. Ukimwaga wa njano peupe, mlinzi anauona hapo hapo. Ndiyo maana ya ile mifuko ndani ya suruali: unavuta uzi, pini inachomoka, mchanga unashukia miguuni, unatembea huku ukiuchanganya. Hiyo ni kweli kabisa.

Handaki walilolipa jina Harry lilianzia chini ya jiko la banda namba 104, likashuka kama mita 9 ili maikrofoni za Wajerumani zisinase uchimbaji, kisha likaenda zaidi ya mita 100, upana wa sentimita 60 tu. Mchanga ule haushikani. Usipoegemeza mbao unamfukia mchimbaji. Mbao za vitanda zipatazo 4,000 zikaishia humo. Hewa ilipita kwenye makopo ya maziwa ya unga yaliyotobolewa vitako na kuunganishwa kuwa bomba, ikisukumwa kwa mvukuto wa mikono.

Mpenda Sinema:
Sasa kwa ufundi wote huo, walikwama wapi?

Msoma Ramani:
Mdomoni pa handaki. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944 mfuniko ulikuwa umeganda kwa barafu, zaidi ya saa moja ikapotea. Kufungua, kumbe tundu limetokea kabla ya kufika kwenye miti! Ikabidi watumie kamba: aliyejificha mbele anaivuta mlinzi akiwa mbali. Juu ya hayo, ndege zikaja kushambulia, umeme ukakatwa. Walipangwa 200, wakatoka 76. Waliokamatwa ni 73, na 50 kati yao wakapigwa risasi kwa amri ya Hitler. Waliofanikiwa kutoroka kabisa ni Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja.

Chumvi ni pikipiki. Hakuna mtoro aliyeruka seng'enge kwa pikipiki namna ile; hata kwenye filamu mruko wenyewe ni wa Bud Ekins, fundi wa michezo ya hatari, si nyota wake Steve McQueen. Wamarekani nao walisaidia mwanzoni, ila walihamishiwa sehemu nyingine ya kambi kabla ya usiku wenyewe. Lakini Donald Pleasence, yule mghushi wa vyeti, aliwahi kuwa mateka wa Wajerumani kweli.

Fundi Mchundo:
Pikipiki tuwaachie, inauza tiketi. Anayependa ufundi wa namna hii afuatilie wale Waitalia watatu waliotoroka kambi ya wafungwa wa kivita ya Waingereza kule Nanyuki, Kenya, Januari 1943 ili wapande Mlima Kenya tu. Nyundo waligeuza mashoka ya barafu, kamba wakatoa kwenye katani za vitandani. Wawili wao wakasimika bendera kwenye kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi kambini wenyewe.