MJADALA: Kijana akichagua shahada ya lugha na utamaduni wa Kikorea, tumzuie?

Wakuu, habari za jioni.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na amefaulu vizuri. Sasa anataka kuomba ufadhili wa serikali ya Korea Kusini akasome lugha na utamaduni wa Kikorea. Uhandisi hautaki, biashara haitaki. Jumapili iliyopita kikao cha familia kilivunjika bila muafaka. Baba yake anasema binti kalewa tamthilia. Shangazi yake anauliza akirudi ataajiriwa na nani. Mimi ni mjomba, tena mwalimu wa Kiswahili, na nilikuwa peke yangu upande wa binti. Naomba tulijadili hapa kwa uzito wake.

Tamthilia alianza nazo kweli, sikatai. Lakini nimesoma kidogo kuhusu anachokwenda kusomea, na nimeona ni bahari. Mwaka 1443 Mfalme Sejong aliwatengenezea watu wake herufi mpya, zikatangazwa 1446, kwa sababu mwandiko wa Kichina uliotumika wakati ule ulikuwa wa wasomi tu. Baadhi ya wasomi wa kasri walimpinga waziwazi. Herufi zilikuwa 28, leo zimebaki 24 za msingi. Halafu ukaja utawala wa Kijapani, 1910 hadi 1945. Mwaka 1942 wanachama wa Chama cha Lugha ya Kikorea walikamatwa wakiwa katika kazi ya kuandaa kamusi, na wawili wakafia gerezani. Muswada wa kamusi ulipotea, ukaja kupatikana 1945 kwenye ghala la stesheni ya Seoul. Habari hii ilinigusa sana. Nimefundisha miaka mingi, kamusi ipo mezani kila siku, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu walikufa kwa ajili ya kitabu cha aina ile.

Lugha yenyewe ina mambo ambayo Mswahili atayaelewa haraka. Zaidi ya nusu ya msamiati wao una asili ya Kichina, kama sisi tulivyochota kwa Waarabu, na kama sisi wana namba za asili na namba za kuazima: saa wanaihesabu kwa zile za asili, dakika kwa zile za Kichina. Heshima wanaitia ndani ya kitenzi. Rafiki yako akiwa ameondoka unasema "gasseo". Bibi yako akiwa ameondoka unasema "gasyeosseoyo". Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hawezi kuliona hilo ni jambo la ajabu.

Sasa hoja yangu kubwa. Daraja la Tanzanite pale Dar es Salaam limejengwa kwa mkopo wa Korea. Hospitali ya Mloganzila, vivyo hivyo. Vichwa vya treni ya SGR vimetoka Hyundai Rotem, kampuni ya Korea. Juni 2024 zilipotoka habari za mkopo wa dola bilioni 2.5, mitandaoni ikasambaa kwamba tumeweka rehani bahari na madini, na serikali ikakanusha. Mnakumbuka tulivyobishana. Katika mabishano yote niliyoyafuatilia sikuona hata mtu mmoja aliyefungua gazeti la Kikorea akatusomea wao wenyewe wameandika nini. Wakati huohuo, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, kampasi ya Yongin, kinafundisha Kiswahili kwa miongo sasa. Wao wana watu wa kutusoma sisi. Wa kwetu wa kuwasoma wao wako wangapi?

Karibuni.

Mzazi wa Iringa:
Mwalimu, nakuheshimu, ila hapa umeongozwa na mapenzi ya lugha. Mimi nina wanne wanaonitegemea. Huo ufadhili unampa kijana mwaka mzima wa kujifunza Kikorea kabla ya shahada, hata kama anakwenda kusomea uhandisi. Kwa hiyo lugha ataipata tu. Kwa nini asirudi na vyote viwili, lugha na taaluma? Binti wa jirani yangu ana shahada ya lugha ya kigeni, huu mwaka wa tatu anauza vocha. Kusoma magazeti ya Seoul ni jambo zuri, lakini nani atamlipa? Tena siku hizi simu inatafsiri. Tusimpoteze mtoto kwa hoja za taifa ambazo taifa lenyewe halijazitengea mshahara.

Aliyesoma Daejeon:
Mzazi wa Iringa, huyo kijana wa uhandisi unayemsema ndiye mimi, nilisomea Daejeon, mji wa kule Korea. Nieleze ule mwaka wa lugha ulivyo. Mtihani wa TOPIK, ule wa kuwapima wageni Kikorea, una ngazi 6, na ili uanze shahada unatakiwa ufike ya 3. Nilifika. Nikaingia darasani, hesabu za ubaoni nikazielewa, maneno ya profesa yakanipita.

Mwaka wangu wa mwisho ulikuja ujumbe wa wafanyabiashara kutoka nyumbani, nikaombwa nitafsiri. Mwenyeji akasema "geomto hagesseumnida", yaani tutalipitia. Nikawaambia wageni: wamekubali kulifanyia kazi. Wakafurahi, wakapeana mikono, wakarudi Dar es Salaam kusubiri. Baadaye rafiki yangu Mkorea akanieleza kwamba kwa namna alivyolisema, lile lilikuwa "hapana" ya adabu. Simu nayo ingetafsiri vilevile nilivyotafsiri mimi. Mwaka mmoja wa lugha hautoshi kukufundisha hilo.

Ila mwalimu, na wewe usimpeleke binti kichwa kichwa. Vyuo vya kule vinaruhusu kuchukua fani mbili kwa pamoja, wanaita boksu jeongong, na wanafunzi wengi hufanya hivyo. Achukue Kikorea na uchumi, au Kikorea na sheria. Na asiishie kwenye mazungumzo, ajifunze na hanja, yale maandishi ya Kichina, la sivyo nyaraka za zamani atazitazama kama picha.

Mwalimu (mleta mada):
Ndugu wa Daejeon, hilo la fani mbili sikulijua, nimelichukua.

Mzazi wa Iringa, kuhusu ajira sina la kukudanganya. Hakuna aliyemwekea nafasi, na dada yangu nimemwambia hivyo. Ninachoomba binti aahidi ni kimoja: Kiswahili chake asikiache. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Nobeli ya Fasihi kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Mwaka 2024 akaipata Han Kang, anayeandika kwa Kikorea, lugha ileile iliyowafunga watu 1942. Natamani siku moja nimsome mwandishi huyo kwa Kiswahili kilichotoka moja kwa moja kwenye Kikorea, bila kupitia London. Kazi hiyo haifanywi na mtu wa ngazi ya 3.

Jumapili tunakaa tena. Nimeunakili mchango wa Daejeon kwenye karatasi nikamsomee shemeji, hasa pale wageni walipopeana mikono.